Huwezi Kumaliza Mbio Kwa Chati

Wasee, mnajua mimi sikimbii. Nimezaliwa Kaptagat, kambi ya Kipchoge iko hapa hapa, na bado nikipanda kile kilima cha kwenda dukani napumua kama bodaboda mbovu. Kwa hivyo tangu niache chuo naendesha kambi ya mazoezi ndani ya gemu. Mimi ndiye kocha. Niko na wachezaji kama ishirini, wengi wanafunzi: Nakuru, Kiambu, Mombasa, Eldy. Kila Jumamosi usiku tunaigiza marathoni na mnatutazama laivu.

Shida ni filta ya chati. Nilikuwa namtia mmoja moyo: "Bado kilomita mbili, uko karibu kumaliza!" Ikatokea: "Bado kilomita mbili, uko karibu ########!"

Angalia herufi nne za kwanza, buda. Soma polepole, utaelewa. Mashine imeona tusi ndani ya neno safi kabisa. Cha kuchekesha, "nimemaliza" inapita. Yaani kwetu hakuna kuwa karibu. Ama umeshafika ama unyamaze.

Namba nazo zinaliwa, ili mtu asichukue simu ya mtoto. Hiyo naielewa, sina neno. Lakini nikiandika 2:01:09, muda wa Kipchoge kule Berlin 2022, zinatoka alama za reli tupu. Na si Kiswahili peke yake kinateseka. Mwaka 1996 wakazi wa Scunthorpe, mji wa Uingereza, walikataliwa kufungua akaunti za AOL kwa sababu ya herufi zilizojificha katikati ya jina la mji wao.

Hayo yote tulikuwa tunacheka tu. Tunaandika "ku maliza", maisha yanaendelea.

Jumamosi iliyopita sikucheka. Wawili walikuwa wanabishana nani atolewe kwa timu. Mmoja, kijana wa gredi ya saba, akaandika: "Kocha, toa madoadoa kwa kambi." Ikapita. Herufi zote, hakuna reli hata moja.

Kama umetoka upande huu, unajua hapo hatuongelei nguo. Neno hilo lilirushiwa majirani zetu wakati wa ghasia za uchaguzi wa 2007, na Aprili 2022 NCIC waliliweka kwenye orodha yao ya maneno ya chuki. Kiambaa, kule kanisa lilichomwa watu wakiwa ndani tarehe 1 Januari 2008, ni hapa tu nje ya Eldoret.

Mathe alikuwa nyuma yangu na kikombe cha chai. Hajui chochote kuhusu gemu, lakini kusoma anasoma. Akauliza, "Nani ameandika hiyo?"

"Ni mtoto tu, mathe."

"Mtoto wa nani?"

Sikuwa na jibu. Nikazima laivu, ndiyo maana mliona imekatika, haikuwa bando.

Kijana akanitumia ujumbe pembeni: si ni kuigiza tu, kocha? Alilisikia nyumbani, akadhani maana yake ni wachezaji wabovu. 2007 alikuwa hajazaliwa, na mimi mwenyewe nilikuwa kitoto. Nikamweleza. Akakaa kimya kidogo, halafu akaandika "kumbe", na baadaye "pole".

Lakini yule wa Kiambu alikuwa ashatoka. Hakusema kitu, jina lake tu lilipotea kwa orodha.

Nilituma ripoti. Jibu likaja kwa Kiingereza kwamba ujumbe ule haujavunja sheria yoyote. Mimi niliyesema kumaliza nishaonywa mara tatu. Siombi filta itolewe, kuna watoto mle ndani na kuna watu wazima wabaya. Naomba tu wamwajiri mtu mmoja aliyekulia huku, akae asome. Kwa sasa nimeweka wasimamizi wawili, mmoja wa kwetu na mmoja wa Nakuru, na wote wawili wanajua kusoma kinachosemwa na kisichosemwa.

Jumamosi hii tunakimbia tena, saa mbili usiku. Namba ya mgongoni ya yule wa Kiambu sijampa mtu. Nimeiandika kwa maneno, ndiyo ipite: kumi na saba.