Vidonge vya Magome ya Paini, na Vile Nilivyoviacha

Madoa yalianzia mapajani, yakapanda mikononi. Nikijigonga kidogo tu kwenye kona ya meza, kesho yake damu imevilia, pamekuwa zambarau. Jirani yangu hapa Mfaranyaki hakuhitaji kipimo: "Mama, hao ni watu wa usiku, wanakunyonya." Mwanangu wa Dar es Salaam akanitumia kopo la vidonge vya magome ya paini, eti vinaimarisha vijishipa vya damu.

Nilivimeza, na madoa yamekwisha karibu yote. Wauzaji wengi wa virutubisho wangependa ushuhuda uishie hapo.

Ila kopo lilipokuwa nusu nilikwenda hospitali. Wakapima damu, chembe sahani zikawa za kutosha. Ndipo daktari akaniuliza natumia dawa gani. Nikamtajia diklofenaki ya magoti, ile tunayojinunulia duka la dawa kama peremende. Akasema hiyo huzizuia chembe sahani zisishikane upesi kijishipa kinapopasuka, na ngozi ya umri wangu imeshakonda, haivikingi tena vijishipa. "Mama, hiyo iache kwanza." Akaniandikia parasetamo. Kopo nalo akaligeuzageuza, akaniambia magome hayo nayo huenda yakaifanya damu ichelewe kuganda, nisiyachanganye na dawa nyingine bila kumwambia.

Sasa nani aliyeniponya?

Wauzaji husema vidonge hivyo ni siri ya kale. Kumbe Jacques Masquelier, mtafiti wa Bordeaux, alianza miaka ya 1940 na ganda jekundu la karanga, baadaye ndipo akaingia kwenye magome ya paini. Karanga! Maganda tunayoyapepeta uani yakapeperuka kwa jirani. Mwaka 2020 watafiti wa Cochrane walipitia majaribio 27 yenye watu 1,641 na maradhi sugu ya aina 10, wakaona ushahidi hautoshi kuthibitisha kwamba magome hayo yanatibu lolote kati yake. Na inayosifiwa ni paini ya kusini-magharibi mwa Ufaransa. Za Shamba la Miti Wino, kule Madaba, ni jamii nyingine yenye asili ya Meksiko, kwa hiyo mtu asiende kubandua gome akachemshe kwa sababu yangu.

Muuzaji mmoja wa vidonge hivyo amepata habari zangu, anataka nisimame kwenye semina yake. Nimemkubalia, kwa sharti kwamba nianze na diklofenaki.