Harufu ya Kawe

Vijana wa leo wakisikia jina la Tanganyika Packers hufikiria uwanja: mikutano ya injili, kampeni, spika kubwa na vumbi. Sisi wa Msasani tulioajiriwa kwenye kiwanda chake cha nyama pale Kawe, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1970 tunakumbuka harufu. Kaskazi ikivuma, ilileta mvuke wa mchuzi mpaka kwenye mitumbwi yetu, na wavuvi waliokuwa hawajaonja nyama tangu Idd walikuwa wakitukana kwa utani. Msasani ilikuwa ya samaki. Nyama ililiwa Ijumaa kwa mwenye nacho, kwenye maulidi na harusini.

Kiwanda kilianzishwa mwaka 1947, ubia wa serikali ya kikoloni na kampuni ya Liebig ya Uingereza, ileile iliyokuwa na kiwanda mashuhuri cha nyama ya kopo pale Fray Bentos, Uruguay. Watu huuliza kwa nini kopo, wakati nchi ina ng'ombe tele na meli zina majokofu. Jibu ni ugonjwa wa miguu na midomo. Ulaya ilikataa nyama mbichi kutoka nchi zenye ugonjwa huo, ila iliyopikwa sana ndani ya kopo ilipokelewa, maana moto huua kirusi. Basi biashara yetu yote ya nje ilisimama juu ya jiko.

Na jiko lenyewe! Ng'ombe alichinjwa na Mwislamu, kwa kisu kikali na bismillah, kisha wachunaji wakamvua ngozi kwa uangalifu, kwani ngozi iliyotobolewa haikuwa na bei. Bwana afya alikagua mapafu na maini, akapiga mhuri. Watoa mifupa walifuata, wengi wao wakiwa na makovu vidoleni. Nyama ilichemshwa, ikaondolewa mishipa na mafuta, ikatiwa chumvi, ikashindiliwa kwenye makopo yaliyo mapana chini na membamba juu, yakafungwa, yakapikwa tena ndani ya mapipa ya mvuke. Yale maji ya kuchemshia hayakumwagwa. Yalikaushwa polepole hadi yakawa mazito na meusi kama lami, nayo ndiyo mali iliyoipa kampuni ya Liebig jina tangu mwaka 1865. Mifupa na damu vilisagwa kuwa chakula cha kuku.

Msimamizi wa zamu, mtu mzima aliyetuita sote "wanangu", alikuwa mkali kwenye jambo moja: maji ya kupozea makopo. Mwaka 1964 mji wa Aberdeen, Uskochi, ulipata homa ya matumbo, watu zaidi ya 400 wakaugua, na chanzo kikaonekana ni kopo la nyama kutoka Argentina lililopozwa kwa maji ya mto yasiyotiwa dawa. "Tundu dogo kuliko jicho la sindano, wanangu," alikuwa akisema. Tuliomcheka tulikuwa vijana. Alikuwa sahihi, na nadhani hakuna somo la biashara ya chakula nililolipata baadaye likazidi lile.

Baadaye nilihamishiwa kwenye mizani, na huko ndiko nilikoona tatizo. Ng'ombe walitoka Shinyanga, Mwanza, Tabora na Dodoma. Walitembezwa kwa siku nyingi hadi stesheni, wakapakiwa kwenye mabehewa ya Reli ya Kati, wakashushwa Pugu wakiwa nundu imelala na mbavu zinahesabika. Maji na malisho njiani yalikuwa ya kubahatisha. Mnyama aliyeondoka kwa mwenyewe akiwa na afya alifika Dar es Salaam amepoteza kilo nyingi, na kilo hizo hazikulipwa na mtu yeyote, si kwa mfugaji wala kwa kiwanda.

Nilimwamkia siku moja mfanyabiashara mmoja wa Kisukuma pale Pugu, nikamuuliza kwa nini ng'ombe wazuri hawatufikii.

"Marahaba, mwanangu. Ninyi mnanunua mifupa. Mwenye bucha Ilala ananunua nyama."

"Bei imepangwa, baba."

"Basi na ng'ombe amepanga pa kwenda."

Hiyo ndiyo habari nzima ya kufa kwa Kawe, na wataalamu waliandika ripoti nene kuieleza. Kiwanda kiliishi kwa ng'ombe wa bei ya chini. Jiji likakua, watu wakataka kitoweo, bucha zikalipa zaidi. Tume ya Bei iliyoundwa mwaka 1973 ilipanga bei ya nyama dukani, lakini nyama ilijua njia za nyuma. Sisi tulibaki na mashine zinazosubiri. Ajabu ni kwamba wakati huohuo viwanda vingine vilianza kujengwa Shinyanga na Mbalizi, kule Mbeya. Majengo yalisimama, na kwa miongo yakakaa bila kazi iliyokusudiwa.

Sisemi serikali haikujaribu upande wa mifugo. Mpwapwa watafiti walizalisha aina yao ya ng'ombe, mchanganyiko wa damu ya kienyeji na ya kigeni, anayestahimili ukame. NARCO, kampuni ya taifa ya ranchi iliyoanzishwa mwaka 1968, ilinenepesha ng'ombe kwenye ranchi, ikiwemo Kongwa, ardhi ileile ya mpango wa karanga wa Waingereza ulioanguka. Nyama ya Kongwa ilipofika mjini watu waliijua kwa jina. Ila ranchi hizo zilikuwa tone, na ng'ombe wengi wa nchi hii walikuwa, na bado wako, kwa mfugaji mdogo. Kondoo ndiye aliyesahauliwa kabisa. Katika zamu zangu zote sikumwona Kawe. Leo nyama yake na ya mbuzi inapanda ndege kwenda nchi za Ghuba.

Mashine za Kawe zilinyamaza, na Shirika la Nyumba la Taifa likaanza kuinua maghorofa kwenye ardhi ile. Fray Bentos nao walifunga mwaka 1979, lakini wao kiwanda chao sasa ni urithi wa dunia wa UNESCO. Sisi hatukuweka hata kopo moja la kuwaonyesha wajukuu.

Sheria ya Tasnia ya Nyama ilipitishwa mwaka 2006, na Bodi ya Nyama ikapewa kazi ya kuikuza biashara hii. Nina ombi moja kwao. Kwenye minada mingi ng'ombe bado anauzwa kwa kukisiwa kwa macho, na dalali ndiye mwenye macho. Wekeni mizani katika kila mnada, na maji na malisho njiani, kabla hamjakata utepe wa kiwanda kingine.