Kabla ya Jando

Kilwa Kivinje

Jumatatu, 13 Mei 2024
Kimbunga Hidaya kimepita, lakini mabati na misumari bado imezagaa nyuani kwa watu. Leo kaja mvuvi kijana, kakanyaga msumari tangu juzi. Juu kidonda kimeshaziba, chini kirefu. Vya namna hiyo ndivyo nisivyovipenda: bakteria wa pepopunda hawataki hewa, wanataka shimo. Nimekifungua, nikakiosha kwa sabuni na maji mengi, kisha nikamchoma sindano ya pepopunda. Kumuuliza lini alichanjwa mara ya mwisho, akacheka: “Dada, hiyo si ya wajawazito?”

Jumatano, 15 Mei
Kijana yule hakukosea sana. Dada zake huchanjwa kliniki wakibeba mimba. Yeye, kama mama yake alimpeleka, chanjo yake iliishia wiki ya 14 ya uhai wake. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya uzazi na ya watoto wachanga, yaani chini ya mgonjwa 1 kwa kila vizazi hai 1,000 katika kila wilaya. Hongera kwetu, na kwa kina mama walioacha kupaka kitovu kila kitu. Wanaume tukawasahau. Shirika la Afya Duniani linashauri dozi 3 za nyongeza, ya mwisho kati ya miaka 9 na 15. Wavulana wanaopita mkononi mwangu hawana hata moja.

Ijumaa, 31 Mei
Nimekwenda kwa mzee ngariba anayewatahiri wavulana hao, upande wa Singino.
“Shikamoo babu.”
“Marahaba mjukuu wangu. Wazima huko?”
Kanitolea kopo lake: nyembe mpya, kila moja ndani ya karatasi yake, kila mwari na wake. Anasema hachanganyi damu za watoto tangu ukimwi uingie. Nimemsifu kwa dhati. Ni msafi kuliko watu kadhaa niliofanya nao kazi. Nikamwambia shida haiko kwenye wembe peke yake. Mbegu za bakteria hawa zimo kwenye udongo na mavi ya mifugo, zinashika mkeka, majivu, dawa ya unga inayopakwa kidonda. Kuchemsha maji tu hakuziui kwa uhakika. Hospitalini tunatumia mvuke wa nyuzi 121 wenye shinikizo. Akataka kujua bakteria hao wanafananaje. Kijiti chembamba chenye kichwa cha mviringo, kama mkwiro wa ngoma. Kacheka mpaka kakohoa.

Sikumsimulia yule mgonjwa wa pepopunda niliyemwona nikiwa mafunzoni. Taya lilianza. Kisha mgongo ukapinda kama upinde kila mlango ulipobamizwa, mpaka tukawa tunavua viatu kuingia chumbani. Sumu hupanda na neva hadi uti wa mgongo, huko inazuia ile amri ya kulegeza misuli. Inabaki ya kukaza. Na akili yake ilikuwa timamu muda wote. Ndugu zake walisema ni pepo.

Jumapili, 2 Juni
Nimesoma kidogo. Kitasato, Mjapani, aliwaotesha bakteria hawa peke yao huko Berlin mwaka 1889.  
La karibu zaidi: miaka ya 2010 wapo wanaume waliopata pepopunda baada ya kutahiriwa kwenye vituo vya afya, wakiwemo wa Uganda. Kwa hiyo hospitali nayo si kinga.

Jumamosi, 8 Juni
Babu kaniita. Jando ni Desemba, shule zikifungwa. Amekubali watoto wachanjwe kabla, kwa masharti mawili: achome mwanamume, na wazazi waambiwe na yeye babu, si mimi. Sawa kabisa. Mwenye kadi ya utotoni dozi moja, wiki mbili kabla ya kumbi. Asiye na kadi mbili, zikipishana wiki nne, kwa hiyo hao waanze Oktoba. Jumatatu naandika barua wilayani, Kilwa Masoko, kuomba dozi, na nesi wa kiume.