Reli ya Kona Baridi

Aliyepaita kwetu Kona Baridi hakukosea. Barabara ya kutoka Kiserian kwenda Magadi hupinda hapo, ubavuni mwa Milima ya Ngong, kisha huanza kuteremkia Bonde la Ufa, nao upepo huvuma kutwa kucha. Garimoshi halijapata kupita hapo katu. Hata hivyo, nilipokuwa darasa la sita, sisi watoto watano tulikuwa na reli yetu.

Tuliijenga nyuma ya boma la kina mkubwa wetu, msichana tuliyemwita Stesheni Masta. Nyaya za ua uliobomoka zilikuwa vyuma vya reli. Vijiti vya mgunga vilikuwa mataruma. Vizibo vya soda vilikuwa magurudumu, na kila behewa lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia. (Taruma, wanafunzi wenzangu, ni neno la mabaharia, nalo behewa lilikuwa ua wa ndani ya nyumba kabla ya kupanda reli. Kumbe lugha nayo ilijenga garimoshi kwa vitu ilivyovikuta nyumbani!)

Upana wa reli yetu ulikuwa vidole vinne. Siku hizi najua kwamba wapenzi wa reli ndogo hupima kila kitu kwa uwiano. Mmojawapo unaotumika sana ni 1 kwa 87. Kwa kipimo hicho, reli ya Magadi, iliyokamilika mwaka 1915 na yenye upana wa meta 1, ingekuwa na milimita 11 na nusu tu. Chama chao cha London kilianzishwa mwaka 1910. Sisi hatukujua uwiano wowote, ndiyo maana abiria wetu, magunzi ya mahindi, walikuwa warefu kuliko mabehewa yao, wakasafiri wamelala.

Fahari yetu ilikuwa madirisha. Stesheni Masta aliyakata kwa msumari na jiwe, sita kila upande, na kidole chake cha shahada kingali na kovu. Sote hatukuwa tumeliona garimoshi ila katika vitabu vya shule, na katika vitabu hivyo daima kuna mtu dirishani anayepunga mkono.

Likizo ya Agosti mjomba alinichukua hadi Kajiado, kupitia Isinya. Nilisimama kando ya reli tangu asubuhi. Garimoshi lilipotokea, ardhi ilitetemeka kabla sijalisikia. Nilihesabu mabehewa mpaka nikapotea hesabu. Yote yalikuwa yamebeba magadi, kuelekea Konza na hatimaye Mombasa. Halikuwapo dirisha hata moja. Moshi wenyewe ulikuwa haba, nikajiuliza tunaliitaje garimoshi.

Niliporudi niliwaeleza wenzangu yote. Laiti ningeishia kwenye mtetemeko! Lakini nilikuwa mtoto aliyeona, na aliyeona hujiona mkubwa. Niliwaambia kwamba makopo yetu ni uongo, kwamba tuzibe madirisha na kujaza majivu badala ya magunzi. Wawili waliniunga mkono, tukaanza kuyaziba kwa udongo wa mfinyanzi. Stesheni Masta hakubishana nasi. Aliwatoa abiria wake mmoja mmoja, akawafunga ndani ya leso, akaingia ndani. Siku ya tatu udongo ulipasuka kwa upepo, na hakuna aliyerudi kuukanda. Reli yetu ikafa hivyo, nami ndiye niliyekuwa na haki.

Hatukuzungumza tena naye ila salamu za njiani. Nikaenda shule ya bweni, kisha chuo kikuu. Yeye akaolewa upande wa Ngong. Oktoba 2019 reli mpya kutoka Nairobi hadi Suswa ilifunguliwa, ikawa na stesheni huko huko Ngong. Wiki chache baadaye simu yangu ililia usiku, nambari nisiyoijua.

"Nimelipanda leo na wanangu," alisema, bila hata kubisha hodi. "Nimeyahesabu madirisha."

Nikamwuliza ni mangapi.

"Njoo uhesabu mwenyewe," akasema, akacheka.