Jina la Askofu Byrne



Wapendwa waamini, wapo bado wazee waliopewa Kipaimara na Askofu Joseph Byrne, Mwairishi wa Shirika la Roho Mtakatifu. Aliongoza Vikarieti ya Kilimanjaro tangu mwaka 1932, akawa Askofu wa kwanza wa Jimbo la Moshi mwaka 1953 hadi alipong'atuka mwaka 1959. Jina lake tumelizoea kiasi cha kutouliza maana yake.

Kwa Kiairishi ni Ó Broin, yaani mjukuu wa Bran. Na bran ni kunguru. (Jamaa za ndege huyo tunawafahamu: wale wenye doa jeupe shingoni wanaowanyemelea wapanda mlima kambini.) Bran mwenyewe alikuwa mfalme wa Leinster, akapofushwa macho Dublin mwaka 1018, akafariki mwaka 1052. Uzao wake ulikaa nchi tambarare ya Kildare, mpaka Wanormani walipovamia katika karne ya 12 na kuusukumia kwenye milima ya Wicklow. Huko walijihami kwa karne nyingi; mwaka 1580, katika bonde la Glenmalure, walilishinda jeshi la Waingereza. Sisi tunaosimuliwa jinsi wahenga wetu walivyopanda mlima huu kutoka mbali, hatuhitaji kufafanuliwa habari hiyo.

Chini ya utawala wa Kiingereza majina yaliandikwa kwa sikio la Kiingereza. Ile Ó ikadondoka kwa wengi, na pamoja nayo neno "mjukuu".

Kwetu hakuna mtawala anayetulazimisha, lakini jambo hilo linatendeka. Katika daftari la ubatizo tunaona watoto wengi wakiandikwa jina lao, la baba na la babu, yote ya watakatifu, ambayo ni mema. Mushi, Lyimo au Massawe halipo. Kanuni ya 1091 inazuia ndoa ya ndugu wa damu hadi daraja la nne la ubavuni, na mila zetu huenda mbali zaidi, zikikataza ndoa ndani ya ukoo. Tutakapotangaza ndoa ya vijana wawili waliozaliwa Dar es Salaam, wasiokijua kihamba cha babu yao, ni nani kanisani atakayesimama kusema hawa ni ndugu?

Basi wazazi wanaoandikisha ubatizo mwezi huu waje na jina la ukoo. Wasiolijua wamlete bibi au babu. Ofisi hufunguliwa baada ya Misa ya asubuhi.