Weupe wa Jicho la Bibi Harusi



Nyinyi wa visiwani mna singo na liwa yenu, nasi huku Mwanga, Kigoma, tuna hina yetu. Lakini kote bibi harusi hutazamwa macho, maana hata akivaa nikabu ndiyo yanayobaki wazi. Tunahangaikia wanja, tunausahau ule weupe unaozungukwa na wanja.

Siku nne kabla ya ndoa tulikuwa tunampaka hina mdogo wetu. Wiki nzima alikuwa mchovu, chakula hakipiti. Tukasema ni moshi wa kuni na kukesha. Somo yake akamsogeza mlangoni kwenye mwanga wa jua, akavuta kope la chini. Weupe wote ulikuwa manjano.

Mmoja wetu akashauri tununue matone ya kung'arisha macho na wanja tuuzidishe, picha zitoke vizuri. Somo akakataa: "Wanja hauponyi mtu."

Hospitali damu ikapimwa: homa ya ini aina ya B. Manjano ile ni mabaki ya damu iliyochakaa ambayo ini limeshindwa kuyatoa, na kwenye weupe wa jicho huonekana mapema. Ugonjwa wenyewe huambukizwa kwa damu na kwa tendo la ndoa. Tungenyamaza, tungemkabidhi mume maradhi pamoja na mke.

Mdogo wetu alilia, akidhani ataachwa. Kwa ruhusa yake, baba akamweleza bwana harusi. Naye akapimwa, akaanza chanjo, harusi ikasogezwa. Watu wazima wengi hupona wenyewe ndani ya miezi 6. Kwake ikawa hivyo, alhamdulillah, na mume ni yule yule.

Basi dada, si kila jicho lisilo jeupe kama karatasi ni gonjwa. Wengi wetu weusi tuna madoa ya kahawia kwenye weupe wa jicho, ndiyo maumbile yetu. Usihangaike kuyafuta. Matone ya kuondoa wekundu nayo yakizoeleka, wekundu hurudi kwa nguvu zaidi. Na wanja uulizie kabla ya kununua: ithmidi ni sunna, lakini baadhi ya wanja unaouzwa una madini ya risasi.

Ila ukiona manjano, usiifunike. Mwili ni amana, na mwenzi wako naye ni amana.

Allah awajaalie wari wetu afya na waume wenye huruma. Amin.