Kisufuria cha Abunuwasi na Uhakiki wa Binti Yetu



Ndugu wasomaji, wazazi wenzetu wa Malindi, Mambrui, Watamu, Kilifi na vitongoji vyake, wiki hii tumeona tuwaletee kisa cha nyumbani mwetu. Hatukileti kwa kujisifu. Tunakileta kwa kujirudi, huenda kikamfaa mwenzetu aliye katika hali kama yetu.

Binti yetu ana umri wa miaka 8, na yuko Gredi ya 3. Muhula uliopita alirudi na kazi ya nyumbani: asome kitabu kimoja cha hadithi, kisha aandike uhakiki mfupi, yaani aeleze kitabu kinamhusu nani na yeye mwenyewe amekionaje. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa nchini mwaka 2019, sisi wazazi tumezoea kazi za namna hii, ambazo hututaka tukae kitako pamoja na watoto wetu. Usiku ule hatukukaa. Sala ya Isha ilikuwa imekwisha, mtoto anasinzia, na kazi inatakiwa asubuhi. Mmoja wetu akashika kalamu, mwingine akatafuta maneno. Tukaandika kwamba kitabu kile kina maudhui mazito na lugha yenye mvuto. Binti yetu akanakili kwa hati yake nzuri, akaenda kulala.

Kazi ile ilisifiwa, ikasomwa mbele ya wenzake. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulifurahi.

Wiki chache baadaye alikuja na kitabu kingine, akakiweka mezani, akatuambia: "Nyinyi someni, halafu mniandikie." Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtu aelezaye utaratibu wa nyumba. Wala kitabu chenyewe hakuwa amekifungua. Hapo ndipo tulipotanabahi kwamba tulidhani tumemsaidia kuandika, kumbe tumemwondolea sababu ya kusoma. Mtu asiyetakiwa kuwa na neno lake juu ya kitabu, akisome cha nini?

Tukakiweka kando kitabu kile, tukamwendea Abunuwasi. Ni nani katika pwani hii asiyemjua? Jina lake latokana na mshairi wa Baghdad aliyeishi zama za Khalifa Harun Rashid, aliyetawala kuanzia mwaka 786 hadi 809. Mshairi huyo alikwenda zake, lakini Abunuwasi wa hekaya akabaki kutembea mabarazani mwetu, mjanja wa kuwashinda matajiri na makadhi. Tulimsomea binti yetu kisa cha sufuria. Abunuwasi aazima sufuria kwa jirani, airudisha na kisufuria kidogo ndani yake, asema sufuria imezaa. Jirani apokea vyote viwili kwa furaha. Mara ya pili Abunuwasi aazima tena, lakini harudishi. Asema sufuria imekufa. Jirani apiga kelele kwamba sufuria haifi. Naye ajibiwa: uliyekubali kwamba imezaa, wakataaje kwamba imekufa?

Tulipomaliza hatukumuuliza kisa kinafunza nini. Swali hilo watoto wamekwisha kulijua jibu lake, hata kabla ya kusoma. Tulimuuliza tu: "Umekionaje?" Akanyamaza. Kimya kilikuwa kirefu, na ulimi ulituwasha kumsaidia, lakini tulijizuia. Mwisho akasema: "Abunuwasi ni mwongo. Lakini mwenye sufuria naye alijua kuwa ni uongo. Alinyamaza kwa sababu alipata kisufuria."

Tukatazamana. Zile sifa za darasani zilikuwa kisufuria chetu. Tulizipokea tukijua zilikotoka.

Asubuhi yake tulikwenda kwa mwalimu, tukamweleza yote mbele ya mtoto. Halikuwa jambo jepesi, lakini tuliona kwamba mtoto aliyetuona tukidanganya anastahiki kutuona tukikiri. Mwalimu alitusikiliza kwa upole, akampa nafasi ya kuandika upya. Tangu siku hiyo tumejifunza mambo machache ambayo tungependa kuwashirikisha.

La kwanza ni kwamba watoto wetu wana sababu ya kuona ugumu katika kazi hii. Chuoni wanafunzwa kuhifadhi Kitabu cha Mwenyezi Mungu herufi kwa herufi, wakirudishe kama walivyokipokea, bila kuongeza wala kupunguza. Hiyo ndiyo heshima inayokistahiki, na hatuwezi kuilegeza. Lakini kitabu cha hadithi kimeandikwa na mwanadamu, na usomaji wake ni wa aina nyingine: hutaka kupimwa. Kupima nako si jambo geni kwetu. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, hakupokea kila riwaya iliyomfikia, bali aliwachunguza wapokezi wake kwanza. Na neno lenyewe, uhakiki, ni la ukoo mmoja na haki na hakika. Mtoto anayehakiki kitabu anatoa ushahidi wa yaliyompitikia alipokuwa akisoma. Ushahidi huo hawezi kuutoa mtu mwingine kwa niaba yake.

La pili ni mazungumzo kabla ya kalamu. Sisi twaketi baada ya Magharibi, siku moja tu katika wiki, na hatuulizi juu ya kila kitabu, kwani mtoto anayejua kwamba kila hadithi ina mtihani mwishoni ataanza kuzikimbia hadithi. Maswali yetu ni matatu. Ni nani katika hadithi hii, na anataka nini? Ni wapi ulipocheka, ulipoogopa au ulipochoka? Ungempa nani akisome, na kwa nini? Akijibu "kizuri", twamwomba atuonyeshe ukurasa wenyewe. Kidole kikishatua kwenye ukurasa, maneno hufuata. Kisha ndipo aandike jina la kitabu na la mwandishi, na yale aliyoyasema, bila kuwafichulia wasomaji wake mwisho wa hadithi.

La tatu lilitoka kwake mwenyewe. Alituuliza: "Nikisema kitabu hiki kinachosha, si nitakuwa namsengenya aliyekiandika?" Swali hilo lilitufurahisha kuliko uhakiki wowote. Tulimjibu kwamba aliyekichapisha kitabu amekileta hadharani ili kisomwe na kisemwe. Tutakisema kitabu, na nafsi ya mwandishi tutaiacha, tutaeleza sababu, na likiwapo zuri, hatutalificha. Mtoto akijifunza kusema "sikukipenda, kwa sababu hii" kwa adabu, amepata ngao. Kesho watamjia watu na maneno matamu, na maandishi ya kila aina kwenye simu. Asiyezoea kupima atameza kila anachopewa.

La nne ni kuzuia mikono yetu. Katika rasimu ya kwanza hatusahihishi tahajia, wala hatumkatazi kuandika yuwaenda na yuwala kama anavyosema nyumbani. Sarufi sanifu ina siku yake, na huipokea vyema ikiwa wazo limekwisha kuwa lake. Ndugu yake wa miaka 5, asiyejua kuandika bado, huchora picha na kutuimlia maneno. Nasi huwa makatibu wake, tuandike alilolisema na tusiongeze letu, hata akisema kitabu kizima kilikuwa kibaya kwa kuwa paka hakupewa chakula.

Wasio na vitabu vingi nyumbani wasikate tamaa. Maktaba ya umma iko wazi kwa wote, na tovuti ya African Storybook ina hadithi za watoto kwa Kiswahili zinazosomwa bila malipo. Tena bibi zetu wangali hai. Ijumaa moja tulimchukua binti yetu hadi Mambrui akamsomee bibi yake kile kisa cha sufuria. Bibi alicheka, kisha akasema kwamba kwa mama yake alikisikia kwa namna nyingine. Wakabishana hata adhana ya Alasiri.

Basi huu hapa uhakiki ambao binti yetu aliuandika upya. Tumeuleta kwa idhini yake, kama alivyouandika:

"Nimesoma kisa cha Abunuwasi na sufuria. Abunuwasi yuwadanganya mara mbili. Jirani yuwakubali uongo wa kwanza kwa sababu ni mtamu. Mimi nilicheka lakini baadaye nilimuonea huruma kwa sababu hana sufuria ya kupikia. Sikupenda kwamba mke wa jirani hakutajwa na yeye ndiye mpishi. Ningempa mdogo wangu akisome, kwa sababu aliazima kalamu zangu za rangi na amesema zimepotea."

Maudhui mazito hayamo. Lugha yenye mvuto hatujui. Lakini kila neno ni lake, na sisi wenyewe, tuliokijua kisa hicho tangu utotoni, hatukuwahi kumfikiria mke wa jirani hata siku moja.

Neno la kwanza kumshukia Mtume wetu (S.A.W.) lilikuwa amri ya kusoma, na katika aya hizo hizo ikatajwa kalamu. Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu wawe wasomaji wenye macho yaliyofunguka na waandishi wenye ndimi za kweli, na atujaalie sisi subira ya kuwangoja wanaponyamaza. Amin.

Wabillahi tawfiq.